Mashine Zetu Mbili: Zilikotoka, Zilivyogoma na Zilivyofufuka

Akina mama wenzetu, wazee wetu, na nyote mliotuunga mkono tangu 2015, kamati ya kijitabu imetuomba tueleze habari za mashine zetu mbili, ile kubwa ya kuchapa mabango na ile ndogo ya kukata stika. Habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii ameziandika mhazini katika kurasa za mwanzo, kwa hiyo hatutazirudia hapa.

Wengi hutuuliza, imekuwaje wanawake wa VICOBA, wauza vitumbua, washona nguo na wauza dagaa, wajikute wanafungua mashine yenye matundu madogo kuliko ncha ya sindano? Jibu lake ni refu kidogo, na linaanzia mbali sana na Ngamiani.

Sisi tuliokua miaka ya 1970 na 1980 twakumbuka kuwa mabango yote hapa Tanga yaliandikwa kwa mkono. Fundi wa mabango alikuwa na makopo ya rangi ya mafuta, brashi tatu nne, rula ndefu na chaki. Anapiga mistari ya chaki, anachora herufi, ndipo anajaza rangi taratibu. Kinyozi alichorewa vichwa ukutani, mwenye hoteli akachorewa sahani ya wali na kikombe kinachotoa moshi. Kukiwa na sherehe au mkutano, fundi alinunua kitambaa cheupe cha amerikani akakifunga kati ya miti miwili, akaandika juu yake. Vyama vingi vya siasa viliporuhusiwa 1992 na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ukafanyika 1995, mafundi hao walifanya kazi usiku na mchana. Ilikuwa kazi ya heshima. Ila ilikuwa kazi ya wanaume, tuseme ukweli. Hatukumbuki hata mwanamke mmoja aliyepanda ngazi na kopo la rangi.

Wakati huohuo, nchi za wenzetu watu walikuwa wanahangaika na jambo jingine: namna ya kurusha wino kwenye karatasi bila brashi wala kalamu kuigusa. Mwaka 1951 mhandisi wa Sweden, Rune Elmqvist, alipata hataza ya kifaa kinachorusha wino mwembamba kama uzi ili kuandika mapigo ya moyo wa mgonjwa. Bwana huyo ndiye aliyetengeneza pia kifaa cha kusaidia moyo kupiga, kile kilichopandikizwa ndani ya mwili wa mtu kwa mara ya kwanza 1958. Kwa hiyo babu wa mashine yetu alizaliwa katika mambo ya hospitali, si ya matangazo.

Halafu ikaja 1977 huko Japani. Ichiro Endo, mtafiti wa kampuni ya Canon, alikuwa kazini, chuma cha moto cha kulehemu kikagusa sindano ya bomba lililokuwa na wino. Wino ukaruka kwenye ncha. Mwingine angefuta meza akaendelea na kazi, yeye akajiuliza kwa nini umeruka. Joto lilichemsha wino ukafanya povu, povu likasukuma tone nje. Kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani nayo ilifika hapohapo kwa njia yake, na 1984 ikauza printa yake ya kwanza ya namna hiyo, ThinkJet.

Lakini iko njia ya pili, nayo ndiyo inayotuhusu sisi. Mwaka 1880 huko Paris, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba fuwele fulani ukizibana zinatoa umeme. Huyu Pierre ndiye baadaye alimwoa Marie Curie, mama aliyepata tuzo ya Nobel mara mbili. Ikaja kujulikana kuwa mambo yanakwenda kinyume pia: ukiipa fuwele umeme, inajinyumbua kidogo sana. Weka kipande kama hicho nyuma ya chumba kidogo cha wino, kipe umeme, kinasukuma tone nje. Hakuna moto wala povu. Njia hiyo inaitwa piezo, na printa nyingi za mabango zinatumia hiyo, kwa sababu inavumilia wino mkali.

Hapa tusimame kidogo, maana tofauti ya njia hizi mbili ndiyo iliyotugharimu usingizi. Hedi ya joto huchoka mapema, na nyingi zimetengenezwa ili zikichoka uzitoe uweke nyingine. Hedi ya piezo inaishi miaka ikitunzwa, lakini ikifa, bei yake inauma. Kwa hiyo hedi ya piezo haitupwi ovyo, inauguzwa.

Mashine ya kukata stika ina ukoo wake peke yake. Mwaka 1959 kampuni ya CalComp ya Marekani ilitoa mashine ya kuchora kwa kalamu juu ya karatasi iliyozungushwa kwenye pipa, ikiendeshwa na kompyuta. Wahandisi walichorea ramani na michoro ya majengo. Ondoa kalamu, weka kisu kidogo, badala ya karatasi weka plastiki yenye gundi, umepata mashine ya stika. Ndiyo maana mafundi mpaka leo wanaiita plota. Plastiki yenyewe nayo ilitokea kwa bahati: mwaka 1926 Waldo Semon wa Marekani alikuwa anatafuta gundi ya kushikisha mpira kwenye chuma, akapata njia ya kuilainisha PVC, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ngumu isiyofaa kitu.

Aliyeileta plota ya kisu kwenye kazi ya mabango, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni kampuni ya Joseph Gerber. Tunampenda mzee huyu. Alizaliwa Vienna 1924, akawakimbia Wanazi, akafika Marekani 1940 pamoja na mama yake wakiwa hawana kitu. Akiwa mwanafunzi wa uhandisi alichoka kupiga hesabu ndefu za michoro, akachukua mpira wa kiunoni wa pajama yake akauwekea alama, akawa anauvuta kupima. Hapo ndipo ulipotoka uvumbuzi wake wa kwanza, rula inayonyumbuka. Baadaye alitengeneza mashine za kukatia vitambaa viwandani. Washonaji wetu waliposikia habari ya mpira wa pajama walicheka sana, wakasema huyu ni mwenzetu.

Printa pana zenyewe zilianza kuenea madukani mwanzoni mwa miaka ya 1990, kama zile za NovaJet za kampuni ya Encad kutoka San Diego. Mwanzoni wino ulikuwa wa maji, mvua moja tu umekwisha. Ukaja wino wa solventi, unaouma ndani ya plastiki yenyewe, jua na mvua haviutoi upesi. Wachina nao wakatengeneza mashine za bei nafuu, wafanyabiashara wa Kariakoo wakazileta, na mafundi wa brashi wakaanza kuweka chini makopo yao mmojammoja.

Sasa turudi nyumbani. Kikundi kilipoanza 2015 hakuna aliyefikiria printa. Lakini kila Jumamosi kwenye mkutano wa hisa tulikuwa tunachangishana kwa sherehe: send-off, kitchen party, mahafali, harusi. Na kila sherehe sasa inataka bango lenye picha ya bibi harusi. Mmoja wetu, muuza vitumbua, akawa anaandika nyuma ya daftari lake fedha zote za mabango zilizotoka mikononi mwa wanachama kwa mwaka mmoja. Aliposoma ile jumla, mkutano ulikaa kimya. Mwaka 2018 tukanunua mashine iliyotumika, ya upana wa mita 1.6, kwa mfanyabiashara aliyekuwa anafunga duka Dar es Salaam, pamoja na plota ndogo. Fedha zilikuwa hisa zetu, hatukukopa popote. Ndiyo maana kilichofuata kilituuma.

Mwaka mmoja na nusu kazi ilikwenda vizuri. Halafu Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Hakuna mahafali, harusi zikaahirishwa, mikusanyiko ikakoma. Mashine ya wino wa solventi ni kama mama anayenyonyesha, haiwezi kukaa siku nyingi bila kutoa. Wino unakauka kwenye matundu. Hedi ya aina yetu ina matundu 1,440, safu 8 za matundu 180 kila moja. Tulipowasha mwezi Juni na kutoa karatasi ya kupimia, ile yenye vistari vidogovidogo ambapo kila kistari ni tundu moja, rangi nyeusi haikutoka kabisa na rangi nyingine zilikuwa kama kitana kilichovunjika meno.

Tukamwita fundi. Akaja, akabonyeza kitufe cha kusafisha mara tatu, mara nne, akatikisa kichwa. Akasema hedi imekufa, leteni fedha ya mpya. Bei aliyotaja ilizidi hisa za mwaka mzima za wanachama kumi. Na shule zilikuwa zinafunguliwa Juni 29, wanachama watatu tulikuwa tumewaahidi mkopo wa ada.

Mkutano wa Julai ulikuwa mchungu. Alitokea mtu anataka kuinunua mashine kwa bei ya chuma chakavu, na wapo wenzetu waliosema tuuze, tugawane, yaishe. Hatuwalaumu, mtu mwenye mtoto anayesubiri ada hawezi kuambiwa habari za fuwele. Tulipiga kura. Waliotaka kusubiri mwezi mmoja walishinda kwa kura mbili tu.

Binti wa mwenzetu mmoja alikuwa amesomea umeme VETA, yuko nyumbani anangoja kazi. Alikuwa amekaa mlangoni anasikiliza. Akasema, "Mama zangu, samahanini, yule fundi hakupima kepu." Tukamwambia, mwanetu, kepu ndiyo nini?

Kepu ni kile kikalio chenye ukingo wa mpira ambacho hedi inakilalia ikipumzika. Kina kazi mbili. Kwanza kinafunika matundu wino usikauke. Pili, wakati wa kusafisha, pampu iliyo chini yake inavuta wino kupitia kwenye matundu, na uchafu unatoka nao. Ukingo wa mpira usipoikumbatia hedi vizuri, pampu inavuta hewa. Hapo ukibonyeza kusafisha hata mara mia ni kazi bure.

Binti akajaza kepu maji ya kusafishia, akaiendesha pampu bila hedi kuwa juu yake. Maji yakavutwa yote, yakatoka kwenye mpira wa taka. Maana yake pampu ni nzima. Akairudisha hedi juu ya kepu, akaamuru kusafisha: kwenye mpira wa taka hakikutoka wino, mapovu tu. Basi hewa inaingia kati ya hedi na ukingo. Akapitisha kidole, ule mpira ulikuwa mgumu kama kwato. Kepu mpya ilikuja kwa basi kutoka Kariakoo, na bei yake, wenzetu, haikufika hata gharama ya sare mbili za kanga.

Baada ya kuibadilisha hatukukimbilia kuchapa. Tulijaza kepu maji ya kusafishia, tukaiegesha hedi juu yake, tukazima umeme, tukaiacha mpaka asubuhi. Siku ya kwanza nyeusi ilirudi nusu. Tukarudia usiku wa pili na wa tatu. Jirani mmoja mwenye duka alitushauri tusukume maji kwa bomba la sindano kwa nguvu yaingie kwenye hedi, binti akakataa katakata. Vyumba vya ndani ni vyembamba mno, nguvu ya mkono inaweza kuvipasua, na hapo kweli ungekuwa msiba.

Siku ya nne kukawa na kioja. Rangi ya waridi ilikuwa inakatika, lakini kila tukipima inakatika mahali pengine. Kila fundi chipukizi wa kikundi chetu tumemkaririsha jambo hili: pengo likibaki palepale kila ukipima, tundu limeziba. Pengo likihamahama, matundu hayajaziba, wino ndio haufiki. Tundu haliwezi kuziba hapa leo na kesho likaziba kule. Basi ukiona linahama, acha kuisumbua hedi, fuata njia ya wino. Tukafuata. Tatizo lilikuwa dampa, kile kikopo kidogo chenye chujio ambacho wino unapita kabla ya kuingia kwenye hedi, kilikuwa kimejaa uchafu. Kikabadilishwa. Asubuhi iliyofuata karatasi ya kupimia ilitoka na vistari vyote isipokuwa viwili vya nyeusi. Mwenzetu aliyekuwa wa kwanza kusema tuuze ndiye aliyepiga kigelegele.

Uchaguzi mkuu ulikuwa Oktoba 28 mwaka huohuo. Kazi zilikuja za vyama mbalimbali, na kikundi kilichapa kwa kila aliyekuja, mradi ameweka malipo ya awali. Hilo la malipo ya awali tunalisisitiza: bango la mgombea aliyeshindwa halina mnunuzi. Kabla ya Desemba mikopo ya ada ilikuwa imetolewa yote, na fedha ikabaki ya kununua betri ya akiba na stebilaiza. Umeme ukikatika katikati ya bango, hedi inabaki nje ya kepu matundu yako wazi, na kwa joto la Tanga saa chache zinatosha kuleta balaa. Sasa betri inatupa muda wa kuirudisha nyumbani. Tuliweka pia waya wa ardhi, kwa sababu turubai la plastiki likikwaruzana na mashine linatengeneza umeme unaoshtua vidole na kuharibu kadi za ndani.

Kitu cha kuogopa kuliko vyote ni ule waya bapa unaoingia kwenye hedi. Ukiuchomeka upande, au tone la wino likaingia kwenye meno yake, ukiwasha tu umeunguza hedi na pengine na kadi kuu. Kwetu hakuna anayegusa waya huo kabla ya kuchomoa plagi ukutani, kusubiri, na kukausha mikono. Wajawazito hawaingii chumba cha wino, na madirisha hayafungwi mashine ikiwa kazini. Harufu ile si nzuri, tusidanganyane.

Plota haikutupa tabu kubwa, ni mashine ya tabia njema. Matatizo yake karibu yote ni kisu. Watu wakiona stika haijakatika wanaongeza nguvu ya kukandamiza, wakati kisu kimechongoka nje kidogo mno au kimeisha makali. Kabla ya kazi tunakata mraba mdogo na duara. Tunabandua. Stika itoke safi, na karatasi ya chini ibaki na mkwaruzo mwepesi tu, isipenye. Pembe za mraba zikitoka za mviringo au zina kimkia, kisu hakizunguki vizuri kwenye kishikio chake, mara nyingi kuna kijipande cha stika kimekwama mle ndani, au kipimo cha kisu kwenye mashine hakikuwekwa sawa. Na kazi ndefu ikienda upande, kama yale maandishi ya ubavuni mwa daladala, basi angalia magurudumu yanayobana yako juu ya sehemu yenye mikwaruzo ya kushika, na stika imeingizwa imenyooka. Hayo tu.

Kuna jambo moja ambalo wenye maduka wenzetu wanalishangaa, nalo ni daftari. Sisi wa VICOBA tumezoea kila shilingi iandikwe mbele ya wote, basi na mashine tukaifungulia daftari lake. Kila ugonjwa unaandikwa: tarehe, dalili, kilichopimwa, kilichobadilishwa, bei, na jina la aliyeshika bisibisi. Mistari myeupe ikitokea kulala kwenye bango, anayehudumu hapigi simu, anafungua daftari kwanza. Anakuta kwamba safari ile matundu yalikuwa mazima, ni hatua ya kuvuta turubai iliyokuwa ndefu mno, ikasawazishwa. Mistari ikiwa myeusi, hatua ni fupi, rangi zinapandana. Picha ikitoka imerukaruka au hedi ikagonga pembeni, ule mkanda mwembamba wa kuhesabia safari ya hedi una vumbi la wino, unapanguswa polepole kwa kitambaa kisichotoa manyoya kilicholowa maji kidogo. Usitumie solventi hapo, itafuta vile vistari vyenyewe na mkanda utakuwa wa kutupa.

Daftari la kwanza lilijaa, tuko kwenye la pili. Wenye mashine wengine hapa mjini walianza kutuita, mwanzoni kwa aibu kidogo, wakituma kijana aje aulize kama "yule dada wa kepu" yupo. Yule binti sasa ana duka lake la ufundi, na wanachama wanne wanafanya matengenezo ya kawaida wenyewe. Mmoja wao ana miaka sitini na moja na anavaa miwani miwili kwa mpigo akibadilisha dampa.

Hadi tunaandika haya, hedi ni ileile ya 2018, na vile vistari viwili vyeusi havijarudi mpaka leo. Kwenye bango havionekani. Kepu ya tatu iko kwenye kabati la mhazini, imeshalipiwa. Wanaotaka kujifunza, darasa ni Jumamosi saa nane mchana, baada ya mkutano wa hisa. Njooni na glavu zenu, na kanga ya zamani ya kujifunga, maana wino ule haufuliki.